Mitambo Iliyobebwa Mabegani

 

Mara nyingi mmesikia habari za pembe za ndovu na watumwa walioletwa Bagamoyo kutoka bara. Leo tutazame mizigo iliyokwenda upande wa pili, yaani kutoka pwani kwenda bara. Tutazungumza habari za mashua na mitambo iliyofunguliwa vipande vipande, ikabebwa mbali, kisha ikaungwa tena.

Fikirini kidogo. Mwaka 1874 hapakuwa na reli wala barabara ya gari kutoka Bagamoyo kwenda Ziwa Viktoria. Ng'ombe na punda walikufa njiani kwa ugonjwa unaoletwa na ndorobo. Basi mtu akitaka kupeleka mashua ziwani, atafanyaje? Njia ilikuwa moja tu. Chombo kifunguliwe, na kila kipande kipate mabega ya kukibeba.

Msafiri mmoja, jina lake Henry Morton Stanley, aliagiza mashua huko Uingereza. Aliiita Lady Alice. Urefu wake ulikuwa futi 40, nayo iliundwa kwa vipande vitano, ili ifunguliwe na kufungwa tena. Mpango ulikuwa mzuri. Lakini vipande vilipopimwa Unguja, kila kimoja kilizidi ratili 250. Mzigo wa desturi wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili 60 au 70, yaani kilo 30 hivi. Tena vipande vilikuwa vipana, na njia za msituni zilikuwa nyembamba, za mtu mmoja kumfuata mwenziwe. Ikabidi seremala avikate na kuvigawa upya kabla ya safari.

Angalieni kosa hilo. Aliyepanga vipande alifikiri habari za mashua tu. Hakufikiri vya kutosha habari za mtu atakayebeba. Kama vipande visingepimwa Unguja, kosa lingeonekana njiani, juu ya shingo na magoti ya wapagazi.

Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Watu wenye nguvu walichaguliwa kuibeba mashua. Baada ya siku 103 walifika Kageye, kijiji cha kando ya ziwa, karibu na Mwanza. Vipande vikaungwa, na mwezi wa Machi 1875 mashua ikashushwa majini. Ikalizunguka ziwa zima. Nahodha wake wa usukani alikuwa Uledi, na baadaye katika mto Kongo yeye aliokoa watu wengi wasizame. Katika vitabu vingi jina la Stanley huandikwa kwa herufi kubwa. Ninyi lisomeni na jina la Uledi. Wakumbukeni pia wapagazi, kwa maana wengi waliotoka Bagamoyo siku ile hawakurudi tena.

Sasa tusogee kaskazini kidogo, tufike Saadani. Mwaka 1876 wamisionari wa Kiingereza walileta mashua ya stima, jina lake Daisy. Walitumaini kupanda nayo mto Wami, tena wakajaribu mto Ruvu, ambao zamani uliitwa Kingani. Mito yote miwili haikufaa kwa safari hiyo. Basi ikawa kazi ya mabega tena. Vipande vya mashua na vya mtambo vikabebwa hadi Kageye, kijiji kile kile alichofikia Stanley.

Katika wamisionari hao alikuwako fundi mitambo, Alexander Mackay, mtu wa Uskochi. Aliugua njiani, akarudi pwani, na mwaka 1877 akasimamia kazi ya kukata njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Alipofika Kageye mwezi wa Juni 1878, alikuta mali imerundikwa ovyo. Vyuma vya mtambo vilikuwa vimechanganyika na vitabu, dawa na takataka. Kwanza alidhani haiwezekani. Kisha akaanza kuchambua kipande kimoja kimoja, tangu alfajiri hata giza. Baada ya siku 10 mtambo ulisimama kamili, hata parafujo ya mwisho.

Mackay aliweza kwa sababu alikuwa fundi, naye alijua mahali pa kila chuma. Lakini je, kama asingefika? Wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mtambo uliofunguliwa ni mali ya namna hiyo. Ukiwa mzima, hata asiyejua kusoma aweza kuuona kuwa ni mtambo. Ukiisha kufunguliwa, alama na orodha ndizo zinazouweka pamoja. Pasipo hizo, ni rundo la vyuma.

Miaka ikapita. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Reli kuu nayo ikaanzia Dar es Salaam, si Bagamoyo, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mizigo mizito ikaacha mabega ya watu, ikapanda gari la moshi. Hivyo ndivyo stima Graf von Goetzen ilivyopita. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000. Fikirini makasha 5,000 yasiyo namba! Mafundi watatu kutoka Papenburg, pamoja na wafanyakazi Waafrika na Wahindi, waliiunga Kigoma. Ilishushwa majini Februari 1915.

Vita vilipowashinda mwaka 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito, ili maji yasile chuma. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mitambo ikaonekana yafaa bado. Mwaka 1927 ilianza safari tena kwa jina la Liemba, ikachukua abiria wa Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi.

Ndugu, huenda kesho utahamisha kinu cha kusaga, pampu ya maji au cherehani ya kijiji. Kwanza pima uzito, na umfikirie mtu atakayebeba. Pili, andika namba juu ya kila kipande, na namba hiyo hiyo katika daftari. Nati na bolti za kila kipande zifungie mfukoni pamoja nacho. Tatu, paka mafuta vyuma vilivyo wazi. Kumbuka kwamba anayefungua leo huenda siye atakayefunga kesho. Maandishi yako ndiyo yatakayosema naye.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini vipande vya Lady Alice vilikatwa upya Unguja?
2. Mackay alikuta nini Kageye, na ni nini kingeweza kumpunguzia kazi?
3. Je, wako wazee wenu waliosimuliwa habari za wapagazi? Andikeni sentensi tano.

Kwaherini, hata somo lijalo.