Mdoezi ndani ya bakuli la mkate wa kumimina

Shangazi yangu wa Malindi, pale Mji Mkongwe, akishasaga mchele uliorowa usiku kucha pamoja na tui zito, iliki, sukari na hamira, hulifunika bakuli kwa kawa na kutukataza kulisogelea. Saa moja baadaye hufunua: mapovu tele. "Umeshapanda." Usipopanda, hukumu yake ni moja tu: "Hamira hii imekufa."

Nilimkumbuka nilipokuwa nikisahihisha tafsiri ya somo la jenetiki la watoto wa skuli. Kila palipotajwa kubadilika kwa jeni ya hamira, mtafsiri aliandika "kasoro ya jeni". Nililikata neno hilo kwa wino mwekundu mara kumi na moja, na sababu zangu ni hizi.

Jeni yenyewe huitwa SUC2. Imebeba maelekezo ya kutengeneza invetasi, kimeng'enya kinachoikata sukari ya miwa, ile ile iliyomo kwenye juisi ya miwa ya Forodhani, ikawa glukosi na fruktosi. Kimeng'enya ni istilahi iliyotulia: tumbo humeng'enya chakula, na hiki nacho humeng'enya. Jina la invetasi lina kisa chake. Maji ya sukari hupindisha mwanga maalumu kulia. Kimeng'enya kikishafanya kazi, mwanga hugeukia kushoto, na jina limetokana na "invert", yaani kugeuza. Kwa hiyo "kugeuza" kumeshachukuliwa hapa, na ndiyo maana sikubali waandikao "mgeuko wa jeni". Msomaji atachanganya mgeuko wa jeni na mgeuko wa sukari, tena katika ukurasa mmoja. "Mutesheni" halina kosa, ila halimwambii mtoto wa Makunduchi chochote.

Mimi naandika "badiliko la jeni". Jeni ni mfuatano wa herufi nne, A, T, G na C. Herufi moja ikikaa pahala pa nyenzake, ikidondoka au ikizidi, hilo ni badiliko. Mengi hayana athari yoyote, kwa kuwa herufi tatu tatu tofauti huweza kutaja asidi amino ile ile. Mengine huivunja invetasi kabisa. Badiliko ni la jeni. Kinachoonekana kwenye seli ni "sifa". Vitabu vingine husema "tabia", lakini kwetu tabia ni mwenendo wa mtu, na hamira isiyokata sukari haijakosa adabu.

Au imekosa? Hapa ndipo neno "kasoro" linapoanguka. Hamira haikati sukari tumboni mwake. Invetasi hukaa nje ya utando wa seli, ukutani, kwa hiyo glukosi inayopatikana huvuja na kuenea. Mwaka 2009 Jeff Gore na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kwamba seli inayotengeneza invetasi hubakiwa na kama asilimia 1 tu ya sukari iliyoikata. Asilimia 99 huenda kwa majirani. Wakazichanganya seli hizo na nyingine ambazo SUC2 yake imeondolewa. Zile zisizo na jeni hazikufa njaa. Zilikula kwa jirani, na gharama ya kutengeneza kimeng'enya hazikuilipa.

Kiswahili kina neno la mtu huyo tangu zamani: mdoezi, yule anayepita mlangoni kila ukipakua. Na wadoezi wakiwa wengi kuliko wapishi, chungu hukauka. Hapo ile asilimia 1 anayobaki nayo mpishi humpa nafuu, naye huanza kuongezeka tena. Hakuna anayemmaliza mwenzake. Badiliko lile lile ni hasara seli ikiwa peke yake kwenye maji ya sukari, na ni faida ikiwa na jirani mkarimu. Ukiliita kasoro, umeshatoa hukumu kabla hujauliza seli inaishi na nani.

Nilimweleza shangazi haya yote wakati anatia mkaa juu ya mfuniko. Alisikiliza, kisha akauliza la maana:

"Sasa hao wadoezi wanatoa mapovu, hawatoi?"

"Wanatoa, shangazi. Wakishaipata glukosi ya jirani huichachua kama wenzao."

"Basi waache," akasema, akapulizia moto.