Jiko la Kauri la Kenya

Jiko la kauri la Kenya ni jiko la makaa linalobebeka, lenye mwili wa bati na bitana ya udongo wa mfinyanzi uliochomwa tanuruni. Lilibuniwa Nairobi katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 kwa ushirikiano wa mafundi wa jua kali (sekta isiyo rasmi), vikundi vya wanawake, mashirika yasiyo ya kiserikali na wahandisi, kisha likaenea Afrika Mashariki na sehemu nyingine za bara. Wataalamu wa usanifu wa bidhaa hulitaja mara kwa mara kuwa mfano mzuri wa chombo cha nyumbani kilichopata umbo lake kwa kujaribiwa na wapishi wenyewe. Sokoni huitwa jiko la udongo, jiko la kauri au jiko bora.

Muundo

Mwili hukatwa kwenye mabati mapya au chuma chakavu, hasa mapipa ya mafuta yaliyokwisha kazi. Umbo lake ni kama la ngoma iliyobanwa kiunoni: juu pamepanuka kupokea makaa, katikati pamebonyea, chini pamepanuka tena. Bitana ya udongo hukaa katika sehemu ya juu peke yake. Sakafu ya bitana hiyo ina matundu yanayopitisha hewa na kudondosha majivu, kwa hiyo bitana na kichungio cha makaa ni kitu kimoja. Kati ya udongo na bati hujazwa mchanganyiko wa saruji na vermikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto lisipite kwa urahisi.

Chini kuna mlango mdogo wa kutolea majivu, ambao ndio pia unaotawala moto: ukiachwa wazi hewa huingia kwa wingi na makaa huwaka kwa nguvu, ukifungwa moto hutulia. Juu kuna vyuma vitatu vyenye bawaba vya kuegemeza sufuria, ubavuni vishikio viwili, na chini miguu mitatu.

Chimbuko

Jiko la bati tupu, ambalo jiko la kauri lilikuja kulirithi, kwa kawaida huhusishwa na vibarua na mafundi wa Kihindi waliokuja kujenga reli ya Uganda kuanzia mwaka 1896. Lilikuwa rahisi kutengeneza na la bei ndogo, na kwa miongo mingi lilitawala katika nyumba za mijini. Kasoro yake kubwa ilikuwa kupoteza joto. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba asilimia 10 hadi 20 tu ya nishati ya makaa ndiyo iliyofika kwenye sufuria. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilipotelea ubavuni mwa bati.

Kupanda kwa bei ya mafuta duniani mwaka 1973 na tena 1979 kulizifanya serikali zianze kuuliza raia wao wanapikia nini. Nchini Kenya, Taasisi ya Beijer ya Uswidi ilishirikiana na wizara inayohusika na nishati kuchunguza matumizi ya kuni na makaa, na uchunguzi huo ulionyesha wazi kwamba mahitaji ya nishati ya miti yalikuwa yakiipita kasi ya miti kuota. Agosti 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya vya nishati na nishati jadidifu. Mashirika ya kiraia yaliyojiandaa kwa mkutano huo yaliunda umoja wao, KENGO, ambao ulikuja kuwa mhimili wa kazi ya majiko. Fedha nyingi za mwanzo zilitoka kwa shirika la misaada la Marekani, USAID, kupitia mradi wa kuendeleza nishati jadidifu nchini Kenya.

Wazo la bitana ya udongo lilitoka Thailand. Huko jiko la ndoo, lenye chombo cha udongo ndani ya ndoo ya chuma, lilikuwa limetumika kwa muda mrefu. Mmoja wa Wakenya walioufanyia kazi muundo huo wa Thailand ili ufae mapishi ya nyumbani ni Maxwell Kinyanjui, msanifu ambaye jina lake haliwezi kutenganishwa na jiko hili.

Utafiti wa watumiaji na mifano ya majaribio

Ilibidi wabunifu waanze na chakula chenyewe. Ugali husongwa kwa mwiko na kwa nguvu za mikono miwili. Mpishi huikandamiza sufuria na kuizungusha, na jiko jembamba hupinduka. Githeri huchemka kwa saa nyingi, kwa hiyo huhitaji joto la wastani lisiloyumba. Chapati hutaka moto mpole na wa kusambaa. Sufuria za nyumba moja hutofautiana vipimo, kuanzia ya chai hadi ya wageni, na zina kitako bapa. Jiko huwashwa nje ili moshi wa mwanzo utoke, kisha huingizwa ndani likiwa na moto. Mpishi hukaa kwenye kigoda, na jiko huwekwa sakafuni mahali watoto wanapopita. Kila moja ya tabia hizi ni sharti la usanifu, na hakuna hata moja ambayo mhandisi angeweza kuikokotoa kutoka kwenye jedwali la joto.

Majaribio ya mwanzo hayakufaulu sana. Jiko lililojulikana kama Umeme, lililotokana na juhudi za UNICEF za teknolojia ya vijijini, lilibana makaa vizuri lakini lilikuwa ghali na gumu kwa fundi wa kawaida kulitengeneza. Mifano ya kwanza iliyoiga ndoo ya Thailand ilikuwa na kuta zilizonyooka na bitana iliyoteremka hadi chini. Ilikuwa mizito. Bati na udongo havipanuki kwa kiwango kimoja vinapopata joto, kwa hiyo bitana ilipasuka baada ya muda mfupi. Mdomo wake pia ulikuwa mpana kupita kiasi: ulimeza makaa mengi kuliko chakula kilivyohitaji, na akiba iliyotarajiwa ikatoweka.

Malalamiko hayo yaliletwa na wanawake waliopewa majiko wayatumie nyumbani, nayo yakawa mwongozo wa kila hatua iliyofuata. Mdomo ulipunguzwa. Jiko likawa jembamba, likaanza kuyumba wakati wa kusonga ugali. Ndipo kitako kilipopanuliwa, na kiuno kikatokea. Kiuno hicho kilitatua mambo mengine mawili kwa pamoja: bitana ilipata pa kukalia bila kushuka hadi chini, na udongo uliohitajika ukapungua, hivyo jiko likawa jepesi na la bei nafuu zaidi. Saruji yenye vermikulaiti iliwekwa kati ya bati na udongo ili ishikilie bitana na kupunguza mpasuko. Umbo ambalo leo linaonekana la kawaida kabisa ni matokeo ya duru kadhaa za kutengeneza, kupeleka, kusikiliza na kurudi karakanani.

Mafundi wa Shauri Moyo na Gikomba jijini Nairobi walikuwa na sauti yao pia. Karakana nyingi za jua kali zilitumia nyundo, patasi, mkasi wa bati na kipande cha reli kama fuawe, bila umeme wala mashine ya kuchomelea. Mchoro wowote uliohitaji zaidi ya hapo haungefika mbali. Kwa sababu hiyo, sehemu za mwili zilipangwa zikatwe kwenye bati bapa kwa kufuata violezo, zikunjwe na kufungwa kwa mikunjo na ribiti. Fundi aliyezoea kutengeneza jiko la bati aliweza kujifunza jiko jipya bila kuacha zana zake.

Upimaji ulifuata ngazi tatu zilizowekewa utaratibu wa kimataifa katika miaka hiyo ya 1980 kwa uratibu wa shirika la VITA la Marekani. Ngazi ya kwanza ni kuchemsha kiasi maalumu cha maji katika maabara na kupima makaa yaliyotumika. Ya pili ni kumpa mpishi chakula halisi apike, majiko mawili yakishindanishwa kwa chakula kilekile. Ya tatu, iliyo ngumu na yenye thamani kuliko zote, ni kupima makaa ya kaya nzima kwa siku kadhaa huku familia ikiendelea na maisha yake. Jiko linaloshinda katika ngazi ya kwanza linaweza kushindwa vibaya katika ya tatu. Jiko la kauri lilifaulu zote. Sehemu ya joto iliyofika kwenye sufuria ilipanda hadi kati ya asilimia 25 na 40, na katika kaya zilizopimwa matumizi ya makaa yalishuka kutoka kilo 0.67 hadi kilo 0.39 kwa mtu kwa siku.

Utengenezaji

Kazi imegawanyika. Wafinyanzi hutengeneza bitana, mafundi bati hutengeneza mwili, na mara nyingi mtu wa tatu huviunganisha, kupaka rangi na kuuza. Udongo huchaguliwa, hulowekwa, hukandwa, kisha hukandamizwa ndani ya kalibu ili bitana zote zilingane na miili inayotoka karakana nyingine. Matundu hutobolewa kabla udongo haujakauka. Ukaushaji hufanyika polepole kivulini. Ukiharakishwa, bitana hupasuka tanuruni. Uchomaji ndio unaoamua maisha ya jiko. Bitana iliyoiva hutoa mlio mkavu ikigongwa kwa kidole, na isiyoiva hutoa sauti nzito na kumomonyoka mapema.

Bei na soko

Waanzilishi walifanya uamuzi ambao haukuwa wa kawaida: jiko halikuwekewa hataza, na wanunuzi hawakupewa ruzuku. Fedha za wafadhili zilikwenda kwenye utafiti, mafunzo na maonyesho. KENGO ilionyesha jiko masokoni na katika mikutano ya vikundi vya wanawake, jiko jipya na la zamani yakipikiwa kando kwa kando mbele ya umati. Bei ya mwanzo ilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko ya jiko la bati, lakini karakana zilipoongezeka ushindani uliishusha mno. Wateja wa kwanza walikuwa watu wa mijini, na sababu yake ni dhahiri: anayenunua makaa kwa debe au kwa kopo kila siku huiona akiba mfukoni mwake mara moja.

Uhuru wa kuiga ulikuwa na gharama yake. Majiko yenye bati laini, bitana mbichi na saruji kidogo yalifurika sokoni, na baadhi yaliharibika ndani ya miezi michache. Hata hivyo, bila uhuru huo jiko lisingefika lilikofika. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 makadirio yalitaja majiko zaidi ya 700,000 yaliyokuwa yakitumika Kenya, katika zaidi ya nusu ya kaya za mijini, yakitoka katika karakana zaidi ya 200.

Kuenea nje ya Kenya

Tanzania ilipata toleo lake, Jiko Bora, lililoanza kusambazwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980. Shirika la TaTEDO limeendeleza kazi hiyo tangu miaka ya 1990. Nchini Ethiopia wazo hilohilo lilizaa jiko la Lakech, na Ghana jiko la Gyapa. Matoleo mengine yako Uganda, Rwanda na Sudan. Yaliyofanikiwa yalibadilishwa kufuata sufuria na vyakula vya mahali. Kunakili vipimo vya Nairobi peke yake hakukutosha.

Jiko la kuni vijijini

Jiko la kauri halikuundwa kwa ajili ya kuni, na vijijini Kenya halikuenea kama mijini. Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na jiko la Maendeleo, bitana ya udongo inayojengewa kwa matope mahali pake, lililosambazwa kuanzia miaka ya 1980 kwa ushirikiano na shirika la Maendeleo ya Wanawake. Baadaye, magharibi mwa Kenya, liliitwa Upesi, na wafinyanzi wake wengi ni wanawake.

Mapungufu

Jiko la kauri hupunguza makaa. Haliondoi sumu yake. Hewa ya kaboni monoksidi huendelea kutoka, na jiko likiingizwa katika chumba kilichofungwa huweza kuua kama jiko lolote la makaa. Bitana huchukua muda kupata joto, kwa hiyo kwa chai ya haraka jiko la bati lilikuwa na nafuu kidogo. Pia akiba ya kila kaya haikutosha kuzuia ukataji wa miti kwa jumla, kwa kuwa miji ilikua na watumiaji wa makaa wakaongezeka.

Majiko yaliyofuata

Tangu mwaka 2013 kampuni ya BURN imeuza Kenya jiko la Jikokoa, linalotengenezwa kiwandani Ruiru, lenye ufanisi mkubwa zaidi na bei ya juu zaidi. Marufuku ya ukataji miti katika misitu ya umma iliyotangazwa Februari 2018 ilipandisha bei ya makaa na kuzisukuma familia nyingi kwenye gesi. Jiko la kauri bado linatengenezwa kwa mikono Gikomba na katika miji mingi ya Afrika Mashariki, likiwa na kiuno kilekile cha miaka ya 1980.