Maelezo ya Zana ya Kuhifadhi Picha ni Sehemu ya Ushahidi: Hoja Kutoka Vikope vya Kongwa

Utaratibu wa kupima trakoma uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1987 umesimama juu ya vitu vidogo mno. Mpimaji hugeuza kope ya juu. Akikuta vinundu vitano au zaidi, kila kimoja kikiwa na upana usiopungua nusu milimita, jicho hilo huhesabiwa kuwa lina ugonjwa. Wilaya ambayo asilimia 5 au zaidi ya watoto wake wa umri wa mwaka 1 hadi 9 wana dalili hiyo huhesabiwa kuwa na tatizo la afya ya jamii. Kwa kata kama Mlali, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, Tanzania, ambako watu huyaita maradhi haya vikope, nusu milimita ina uzito mkubwa. Kongwa imechunguzwa kwa ajili ya trakoma tangu miaka ya 1980, na jaribio la kuwanawisha watoto nyuso lililofanyika humo, ambalo Sheila West na wenzake walilichapisha mwaka 1995, linatajwa hadi leo unapozungumzwa usafi wa uso.

Sasa macho ya mpimaji yanaanza kusaidiwa na kamera. Katika Wilaya ya Chamwino, mkoa huohuo wa Dodoma, watafiti walijaribu kifaa cha kuvaliwa kichwani kinachotumia simu kupiga picha ya kope, wakachapisha matokeo mwaka 2021. Picha zikishakuwa maelfu, kishawishi cha kumkabidhi kazi wakala wa akili unde ni kikubwa. Anaweza kupewa ImageJ, programu ambayo Wayne Rasband aliianzisha mwaka 1997 katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, kisha akaagizwa apime vinundu na kuhifadhi picha. Kwa MCP, itifaki ya kuunganisha mifumo ya akili unde na zana, iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, zana humfikia wakala ikiwa na jina, maelezo mafupi na orodha ya vitu inavyohitaji. Nashikilia kwamba maelezo hayo mafupi ni sehemu ya mbinu za utafiti, na yakaguliwe kama tunavyokagua sampuli na vipimo.

Tuchukue maelezo yanayosema tu: “Huhifadhi picha.” Picha ipi? Iliyopo kwenye skrini, pamoja na mwanga ulioongezwa na alama zilizochorwa juu yake, au thamani halisi za pikseli? Picha ya biti 16 ina ngazi 65,536 za mwanga. Ikihifadhiwa kama JPEG hubaki na 256, tena mgandamizo wake hufanya kazi kwa vipande vya pikseli nane kwa nane na kuweza kuvuruga kingo za kinundu kidogo. TIFF ya ImageJ hubeba ndani yake skeli, yaani uwiano wa pikseli na milimita, JPEG haiibebi. Skeli ikipotea, hakuna atakayeweza kurudi kwenye faili hiyo pekee na kuthibitisha ile nusu milimita. Rundo la picha likihifadhiwa kama JPEG, ile iliyo mbele ndiyo huandikwa, nyingine huachwa. Faili yenye jina lilelile inaweza kufutwa na mpya bila swali lolote. Katika yote haya wakala anaweza kupokea jibu moja tu: imefanikiwa.

Kuna wanaosema kwamba mifumo hii imekwisha kusoma mengi kuhusu ImageJ, hivyo maelezo marefu ni kupoteza nafasi. Nusu ya hoja hiyo naikubali, kwani maelezo marefu kupita kiasi humchosha hata msomaji wa mashine. Lakini wakala haiti ImageJ moja kwa moja. Anaita zana ambayo mtu fulani ameijenga juu yake, na uamuzi wa mtu huyo haumo katika kitabu chochote. Mtaalamu aliyeketi mezani huona picha imefifia akashtuka. Wakala asiporudishiwa anuani kamili ya faili, aina yake, kina cha biti, vipimo na skeli iliyoandikwa, hana cha kumshtua. Mistari sita hivi inatosha kueleza hayo, pamoja na sharti kwamba nakala ya awali haiguswi kamwe.

Jambo jingine huachwa mara nyingi, nalo linanihangaisha zaidi: picha hizi ni za watoto. Kope haionyeshi sura nzima, lakini jina la faili laweza kumtaja mtoto, kitongoji na tarehe. Maelezo yaseme zana inaruhusiwa kuandika katika folda zipi, na kwamba jina la faili litatokana na namba ya utafiti tu. Mzazi wa Mlali aliyeridhia mwanawe apigwe picha hakuridhia picha hiyo ielekezwe popote wakala atakapoona panafaa.

Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, hupitia maombi ya utafiti wa afya nchini na hudai fomu ya ridhaa na mpango wa kutunza data. Penye wakala wa akili unde, mwombaji aambatishe pia maandishi kamili ya kila zana inayoandika faili, na toleo lake, na makala itakayofuata iyachapishe bila kuyafupisha.