Wajumbe wa California: Sheria ya Jimbo, Kanuni za Chama na Mgogoro wa Mgawanyo wa Wajumbe katika Uchaguzi wa Mchujo, 1912–1972

Makala hii inachunguza jinsi uchaguzi wa mchujo wa urais katika jimbo la California ulivyogawa wajumbe wa mikutano mikuu ya vyama vya siasa nchini Marekani. Mkazo umewekwa katika miaka miwili ambayo mgawanyo huo uliingiza vyama katika mgogoro mzito: mwaka 1912 ndani ya Chama cha Republican, na mwaka 1972 ndani ya Chama cha Democratic. Hoja inayotetewa ni kwamba katika miaka yote miwili hesabu ya kura haikubishaniwa. Kilichobishaniwa ni mamlaka. Jimbo lilikuwa limetunga sheria ya kugawa wajumbe. Chama cha kitaifa kilidai kuwa mkutano ni wake, na kwamba mwenye nyumba ndiye anayeamua nani aingie.

Istilahi zinahitaji ufafanuzi kabla ya kuendelea. Kura za mchujo nchini Kenya na kura za maoni nchini Tanzania kwa kawaida huendeshwa na vyama vyenyewe kwa taratibu zao za ndani. Uchaguzi wa mchujo wa California ni kitu cha namna nyingine. Huendeshwa na maofisa wa serikali, katika vituo vya serikali, kwa sheria iliyopitishwa na bunge la jimbo, ingawa matunda yake ni ya chama. Tena mpigakura hamteui mgombea moja kwa moja. Kura yake huamua ni wajumbe wa upande gani watakaokwenda kwenye mkutano mkuu, na wajumbe hao ndio wanaomteua mgombea. Kati ya kura na uteuzi kuna daraja, na ugomvi wote unaosimuliwa hapa ulitokea juu ya daraja hilo.

Sheria ya California ilizaliwa mwaka 1911, wakati gavana Hiram Johnson na wanamageuzi wenzake walipokuwa wakijaribu kuzivunja nguvu za makampuni ya reli na za viongozi wa vyama waliopanga wagombea faraghani. Mwaka huohuo wanawake wa jimbo hilo walipata haki ya kupiga kura, hivyo uchaguzi wa mchujo wa mwaka 1912 uliwakuta tayari wakiwa wapigakura. Sheria iliweka utaratibu mwepesi kueleweka: jimbo zima lilihesabiwa kuwa eneo moja, na orodha ya wajumbe iliyoongoza ilichukua viti vyote. Theodore Roosevelt alimshinda rais aliyekuwa madarakani, William Howard Taft, na kwa sheria hiyo akastahili wajumbe wote 26.

Wito wa mkutano mkuu wa Republican, hata hivyo, ulikuwa umeelekeza kwamba sehemu ya wajumbe ichaguliwe wilaya kwa wilaya. Katika wilaya ya nne, iliyokuwa San Francisco, wafuasi wa Taft walidai kuwa mtu wao alikuwa ameongoza kwa tofauti ndogo sana, na kwa hiyo viti viwili vya wilaya hiyo vilikuwa vyao. Mkutano uliofanyika Chicago mwezi Juni ulilipigia suala hilo kura. Upande wa Taft ulipata 542, upande wa Roosevelt 529. Viti viwili katika mkutano wa wajumbe 1,078 ni kidogo, lakini kura hiyo ilionesha nani aliyeushika mkutano, na ilikuwa mojawapo ya maamuzi yaliyowafanya wafuasi wa Roosevelt waseme kuwa wameibiwa. Walianzisha Chama cha Progressive, na Johnson mwenyewe akawa mgombea mwenza wa Roosevelt. Mwezi Novemba wanamageuzi walikuwa wamekishika chama cha jimbo kiasi kwamba jina la Taft halikuwamo kwenye karatasi za kura za California kama mgombea wa Republican. Jimbo lilikuwa limelipa kisasi kwa chombo kilekile cha sheria ambacho mkutano mkuu ulikuwa umekipuuza.

Kwa miaka 60 iliyofuata kanuni ya mshindi kuchukua yote ilidumu, na haikukosa watetezi. Wanasiasa wa California walijua kwamba jimbo lao, lililokuwa likiongezeka watu mwaka hadi mwaka, lilipata uzito kwa kutupa wajumbe wake wote kapu moja, tena mwezi Juni, mwishoni mwa msimu, wakati wagombea wamechoka na fedha zimewaishia. Mwaka 1964 Barry Goldwater alipata kiasi cha asilimia 51.6 dhidi ya Nelson Rockefeller, akachukua wajumbe wote 86 wa Republican. Karibu nusu ya wapigakura wa chama hicho hawakuwa na mjumbe hata mmoja wa kuwasemea. Hapakuwa na malalamiko makubwa kuhusu kanuni yenyewe, na jambo hili linafaa kukumbukwa: udhalimu wa kanuni ya uchaguzi huonekana zaidi pale chama kinapokuwa kimeshaahidi hadharani kuwa kitatenda vingine.

Ahadi ya namna hiyo ilitolewa na Chama cha Democratic baada ya mwaka 1968. Katika mwaka huo Hubert Humphrey aliteuliwa bila kushindana katika uchaguzi wa mchujo wa jimbo lolote, huku polisi wakiwapiga waandamanaji mitaani Chicago. Ili kutuliza hasira, chama kiliunda tume iliyoongozwa kwanza na Seneta George McGovern, kisha na Mbunge Donald Fraser. Tume ilitoa miongozo 18. Mingi ilikuwa ya lazima: mikutano ya kuteua wajumbe itangazwe, iwe wazi, na wanawake, vijana na watu wa jamii zilizobaguliwa wawakilishwe. Kuhusu kulinda sauti ya wachache katika mgawanyo wa wajumbe, tume iliishia kuyahimiza majimbo bila kuyalazimisha, na suala likaachiwa mkutano mkuu ujao. California ikabaki na sheria yake. Ufa mdogo katika miongozo ukawa ndio mlango wa ugomvi.

Tarehe 6 Juni 1972 McGovern alipata asilimia 43.5 ya kura za California, sawa na kura takriban 1,550,000. Humphrey alipata asilimia 38.6, yaani takriban 1,375,000. Waliosalia waligawana kilichobaki, akiwamo Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani. Tofauti ya chini ya alama tano ilimpa McGovern wajumbe wote 271. Kabla ya kura Humphrey alikuwa ameonesha hadharani kwamba aliikubali kanuni hiyo. Baada ya kura, kambi yake na wengine waliotaka kumzuia McGovern walifika mbele ya kamati ya chama iliyohakiki uhalali wa wajumbe, wakadai kwamba moyo wa mageuzi ulitaka viti vigawanywe kwa uwiano wa kura. Tarehe 29 Juni kamati ilikubali kwa kura 72 dhidi ya 66. McGovern alinyang'anywa wajumbe 151, akabakiwa na 120. Mkutano ulikuwa na wajumbe 3,016 na uteuzi ulihitaji 1,509. Bila wale 151 hakuwa na hakika ya kufika huko katika duru ya kwanza.

Mtu aliyeongoza mageuzi sasa alijitetea kwa kanuni ambayo mageuzi yalikuwa yameielekezea kidole, na waliokuwa wakiyabeza mageuzi ndio waliojivika joho lake. Kejeli haikuishia hapo. Kamati ileile iliwaondoa wajumbe 59 wa Chicago walioongozwa na Meya Richard Daley, kwa sababu walikuwa wameteuliwa kinyume cha miongozo, ingawa nao walikuwa wamechaguliwa katika kura ya mchujo ya Illinois. Kambi ya McGovern ilishangilia uamuzi wa Chicago na kulaani ule wa California. Kusema kwamba kura ya wananchi ni takatifu katika jimbo moja, kisha kuitengua katika jingine, kulihitaji ulimi mwepesi. Tofauti ya kisheria ilikuwapo, kwani Daley alikuwa amevunja mwongozo wa lazima na California haikuvunja chochote. Ila tofauti hiyo haikuwaingia akilini wafanyakazi wa Chicago waliomchagua Daley.

Kesi ilikwenda mahakamani kwa jina la Willie Brown, mbunge wa jimbo na mmoja wa viongozi wa wajumbe wa California, dhidi ya Lawrence O'Brien, mwenyekiti wa chama taifa. Mahakama ya Rufaa jijini Washington iliona kwamba kubadili kanuni baada ya kura kuhesabiwa ni kuwanyima watu haki, ikawarudisha wajumbe wa McGovern. Tarehe 7 Julai, siku tatu kabla ya mkutano kufunguliwa Miami Beach, Mahakama ya Juu ilisimamisha hukumu hiyo. Majaji walio wengi walisita kuingilia mambo ya ndani ya mkutano wa chama wakati muda umebaki mchache kiasi hicho. Swali la mwaka 1912 likarudi mahali palepale: ukumbini, mikononi mwa wajumbe.

Huko ukumbini hatima ya California iliamuliwa na suala ambalo mtazamaji wa kawaida asingelifikiria, yaani maana ya neno "wingi". Ikiwa wajumbe 151 wanaobishaniwa hawaruhusiwi kupiga kura juu ya shauri lao wenyewe, je, wingi uhesabiwe kutoka 3,016 au kutoka 2,865 waliobaki? O'Brien aliamua kuwa 2,865, hivyo kura 1,433 zingetosha. Aliamua pia kwamba wajumbe 120 wa McGovern ambao hawakubishaniwa wapige kura, wakati wajumbe wa Humphrey waliopewa viti na kamati wakae nje ya shauri hilo. Maamuzi haya mawili yalimpa McGovern nafasi nzuri. Hata hivyo shauri la wanawake wa South Carolina, waliodai viti zaidi katika ujumbe wa jimbo lao, lilipangwa kutangulia. Endapo kura za shauri hilo zingeangukia kati ya viwango viwili vya wingi vilivyokuwa vikishindaniwa, wapinzani wangepata nafasi ya kuupinga uamuzi wa mwenyekiti mapema. Wasimamizi wa McGovern walipoona hatari hiyo waliwaagiza baadhi ya wajumbe wao wageuze kura na kulipoteza shauri la wanawake kwa makusudi. Baadhi ya watangazaji wa televisheni waliwaambia watazamaji kuwa McGovern ameshindwa. Muda mfupi baadaye shauri la California lilipigiwa kura, naye akapata 1,618.28 dhidi ya 1,238.22. Desimali hizo zinatokana na kwamba baadhi ya wajumbe walikuwa na sehemu tu ya kura moja.

Wanawake wa South Carolina ndio walioulipia ushindi huo, na masimulizi mengi yanayosifu ustadi wa usiku ule huwapita haraka. Walikuwa na hoja iliyotokana na miongozo ya lazima ya chama. Walitolewa kafara ili kulinda kanuni ya jimbo jingine ambayo miongozo hiyohiyo iliitilia shaka.

Kuhusu haki ya pande mbili za California, hukumu ya makala hii ni kwamba kambi ya Humphrey ilikuwa sahihi juu ya kanuni na ilikosea juu ya wakati. Kumpa mwenye asilimia 43.5 viti vyote ni kufuta kura za zaidi ya nusu ya walioshiriki. Lakini wagombea wote walifanya kampeni wakijua kanuni hiyo, wakatumia fedha na siku zao kwa kuifuata, na mpigakura naye aliamua akiijua. Mgombea anayejua kwamba nafasi ya pili ina faida huendesha kampeni tofauti. Kwa hiyo kuzigawa upya kura za Juni kwa kanuni ya Julai ni kuhesabu matokeo ya uchaguzi ambao haukufanyika.

McGovern aliteuliwa, kisha mwezi Novemba akashindwa na Richard Nixon katika majimbo 49. Kwa historia ya mgawanyo wa wajumbe, matokeo makubwa zaidi yalikuwa mawili. Kwanza, mwaka 1975 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyotokana na wajumbe wa Chicago, iliamua kwamba haki ya chama cha kitaifa kuchagua nani aketi mkutanoni inaishinda sheria ya jimbo. Mwaka 1981 iliurudia msimamo huo katika kesi ya Wisconsin. Pili, kuanzia mwaka 1976 Chama cha Democratic kilikataza mshindi kuchukua wajumbe wote wa jimbo zima. Mianya ya kiwango cha wilaya ilibaki kwa miaka kadhaa, hadi uwiano wenye kizingiti cha asilimia 15 ulipokuwa wa lazima kila mahali katika chama hicho.

Uwiano nao una hila zake. Wajumbe wengi wa California hugawanywa katika wilaya za uchaguzi wa Bunge la Marekani, na waliobaki kwa kura za jimbo zima. Chukua wilaya yenye wajumbe wanne ambamo wagombea wawili wamepata asilimia 58 na 42: hesabu hutoa 2.32 na 1.68, zikakadiriwa kuwa wawili kwa wawili. Pengo la alama 16 halina thamani yoyote. Katika wilaya jirani yenye wajumbe watano, aliyepita nusu kwa kura moja hupata watatu. Mwaka 2020 Elizabeth Warren na Michael Bloomberg hawakufikia asilimia 15 katika jimbo zima, lakini walivuka kizingiti katika baadhi ya wilaya, wakapata wajumbe 11 na 7. Bernie Sanders alipata 225 na Joe Biden 172, jumla 415. Kwa bahati tu, wajumbe wa ngazi ya wilaya mwaka huo walikuwa 271.

Chama cha Republican kilifuata njia yake. Mwaka 1976 Ronald Reagan alichukua wajumbe wote 167 wa California, na ni katika karne hii tu chama hicho kilipohamia mgawanyo wa wilaya, ambako kila wilaya ilitoa wajumbe watatu kwa mshindi wake. Mwaka 2023 viongozi wa chama jimboni waliibadili kanuni tena: anayepita nusu ya kura za jimbo zima huchukua wote. Mwezi Machi 2024 Donald Trump alipita nusu, na wajumbe wote 169 wakawa wake. Safari hii hapakuwa na mgogoro wa kupeleka ukumbini, kwa kuwa kanuni ilikuwa imewekwa na chama chenyewe, miezi kadhaa kabla ya kura.