Mlango wa Ukumbi: Habari za Viingilio, Mabawabu na Fujo katika Mji Wetu



Kamati ilitutaka tuandike katika taarifa ya mwaka huu habari za jambo lililozusha mabishano makali katika mkutano wa mwisho, nalo ni jambo la mlango. Wale wasiokuwako yafaa waelezwe kwanza. Katika sikukuu ya watoto tuliyoifanya katika ukumbi wa kukodi, vijana watano au sita waliingia bila tikiti kwa kupitia dirisha la nyuma, wakavunja viti viwili, wakamwaga sufuria ya chai. Bawabu tuliyemweka, kwa hasira na kwa hofu, alifunga mlango wa mbele, akatangaza kwamba hapana mtoto wa mtaa wa pili atakayeingia tena siku ile. Lakini wakorofi wenyewe walikuwa wamekwisha toroka. Waliobaki nje ni watoto 30 hivi, wengi wao wameshika tikiti mikononi, na mmoja wao ni binti wa miaka minane ambaye mama yake alikuwa amelipa tangu juma lililotangulia.

Wazee wengine walisema bawabu alifanya vema, kwa kuwa mali ya watu ilikuwa hatarini. Wengine walisema ni aibu kwa chama cha ustawi. Maneno yalipozidi, Bwana Mwenyekiti aliamuru kwamba sisi tunaoshika kalamu tutafute habari za zamani, tuone wenzetu waliotutangulia waliyatendaje mambo haya. Basi haya ndiyo tuliyoyapata.

Mtu wa Nairobi alijua habari za mlango kabla hajajua habari za ukumbi. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kushurutishwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya kwanza, na tangu hapo mwanamume Mwafrika aliyekaa mjini hakuwa na budi kuchukua kipande chake shingoni katika kibweta cha bati. Baraza la Manispaa lilipotenga Pumwani kuwa mtaa wa Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, vijiji vya zamani vilianza kuvunjwa kimoja kimoja, hata kufikia Pangani ambacho watu wake waliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wengi wakapelekwa Shauri Moyo. Mitaa kama Ziwani, Starehe na Kaloleni ilifuata katika miaka ya 1940. Katika mji wa namna hiyo swali la kwanza lililoulizwa mlangoni lilikuwa, Wewe ni mtu wa namna gani? Swali la, Umefanya nini? lilikuja nyuma, au halikuja kabisa.

Sinema ni mfano mzuri. Sheria ya michezo na sinema ya mwaka 1912 iliwapa wakaguzi mamlaka juu ya picha zitakazoonyeshwa, na baadaye picha nyingine zilipigwa marufuku kwa Waafrika peke yao, ijapokuwa Mzungu na Mhindi waliruhusiwa kuzitazama. Iliogopwa kwamba Mwafrika akimwona mzungu mwizi au mzungu anayepigwa katika picha, heshima itavunjika, na huenda fujo zikatokea. Angalieni jinsi hoja hii ilivyojengwa: fujo yenyewe haijatokea, lakini mwenye kuifanya amekwisha julikana kwa rangi yake, na mlango umekwisha fungwa.

Kumbi zetu wenyewe zilikuwa na habari nyingine. Pumwani Memorial Hall ilijengwa katika miaka ya 1920 kuwa ukumbusho wa Waafrika waliokufa katika vita ile, na humo palichezwa dansi, pakafanywa mikutano, masomo ya jioni na arusi. Ukumbi wa Kaloleni uliojengwa katika miaka ya 1940 ulipata sifa kubwa zaidi, kwani viongozi wa Kenya African Union walikutana humo mara nyingi, hata watu wengine wakauita bunge la kwanza la Mwafrika. Wazee wanaokumbuka siku zile, au waliosimuliwa na baba zao, husema kwamba dansi ya Jumamosi ilikuwa na kiingilio, na mlangoni aliwekwa mtu anayejulikana na mtaa mzima. Mtu huyo alijua nani ni mtoto wa nani. Kijana akifanya ujeuri, hakupigwa. Alitajiwa jina la baba yake kwa sauti kubwa mbele ya wasichana, akatoka mwenyewe akiona haya.

Twaomba tuseme neno moja kando juu ya pombe, maana haiwezekani kuandika habari za fujo Nairobi bila kuitaja. Tangu miaka ya 1920 Baraza la Manispaa lilijitwalia peke yake haki ya kuuza pombe ya Kiafrika katika kilabu chake cha Pumwani. Mama aliyepika pombe nyumbani mwake alikamatwa, na faida ya kilabu iliingia katika mfuko wa Waafrika uliotumiwa kwa mambo ya ustawi wao. Kwa hiyo mlevi alilipia ustawi wa mtaa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashutumiwa kwamba ndiye anayeharibu ustawi huo. Hatujaona taarifa yoyote ya wakubwa wa siku zile iliyocheka juu ya jambo hili, walakini twadhani wanywaji walicheka.

Kisha ukaja wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Siku ya 24 Aprili 1954 askari waliuzingira mji katika operesheni iliyoitwa Anvil. Watu wa Eastlands walitolewa majumbani, wakapangwa kwa makabila. Mkikuyu, Mwembu na Mmeru wakawekwa upande mmoja, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia usoni, ambao kwa kutikisa kichwa tu waliamua nani aende kizuizini. Maelfu kwa maelfu walichukuliwa. Wako wanachama wetu ambao babu zao walipita mbele ya magunia yale, nao hawahitaji kuelezwa na karani ni nini maana ya kuhukumiwa kwa mtaa unaotoka au kwa kabila lako. Twalitaja kwa heshima, wala hatusemi kwamba bawabu wetu na askari wale ni sawa. Twasema tu kwamba mzee mmoja alipoinuka katika mkutano wetu na kusema, «Maneno haya ya mtaa wa pili nimeyasikia zamani,» ukumbi mzima ulinyamaza.

Wenzetu wa nchi nyingine nao hawakuepukana na shida hii. Huko Marekani, bustani ya michezo iitwayo Disneyland ilifunguliwa mwezi wa Julai 1955. Siku ya ufunguzi ilikuwa ya walioalikwa tu, lakini tikiti za uongo zilizagaa, na umati ulioingia ukawa karibu mara mbili ya uliotazamiwa. Yasemekana hata palikuwa na mtu aliyeegemeza ngazi ukutani akatoza watu fedha wapande. (Twaona basi kwamba kupita dirishani si uvumbuzi wa Nairobi.) Na katika nchi hiyo hiyo, bustani ya Glen Echo karibu na mji wa Washington iliwakataza watu weusi wasiingie kabisa. Mwaka 1960 wanafunzi waliingia wakaketi juu ya farasi wa mbao wa bembea, wakakamatwa kwa kosa la kuingia mahali pasipo ruhusa. Kwa kuwa watu wa mtaa waliendelea kusimama langoni kiangazi kizima wakipinga, mwaka 1961 lango lilifunguliwa kwa wote. Hapo aliyeitwa mfanya fujo ndiye aliyekuwa na haki.

Lakini yako mambo yanayowapa nguvu wale wazee waliomtetea bawabu, na haitakuwa uaminifu tukiyaficha. Mlango usiolindwa huua. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi, watoto wapatao 20 walikufa mjini Tabora, Tanzania, katika ukumbi wa dansi uliojazwa kupita kiasi. Walikuwa watoto waliovaa nguo za sikukuu, kama wetu. Hapa kwetu, tarehe 23 Oktoba 2010, watu 7 walipoteza maisha katika msongamano langoni mwa uwanja wa Nyayo, siku Gor Mahia na AFC Leopards walipokutana. Mtu asituambie kwamba kuhesabu watu mlangoni ni ukali. Kuwahesabu ni kuwahurumia.

Hata hivyo, mkono mzito nao huua. Tarehe 9 Mei 2001 katika uwanja wa Accra, Ghana, mashabiki wachache walikasirika kwa kushindwa, wakang'oa viti na kuvitupa. Polisi wakajibu kwa kutupa moshi wa kutoa machozi katikati ya umati wote. Watu wakakimbilia milangoni, wakakuta mingine imefungwa, na wapatao 126 wakafa. Waliotupa viti walikuwa wachache sana. Waliokufa wengi hawakuwa na hatia yoyote ila kuketi upande ule.

Turudi nyumbani. Mwezi wa Machi 2015 magazeti ya Nairobi yaliandika habari za hoteli moja ya chakula huko Kilimani, ambayo baada ya saa kumi na moja ya jioni haikumpokea Mwafrika isipokuwa amefuatana na mgeni wa taifa jingine, au yu dereva wa teksi aliyemleta mgeni. Wenye hoteli walieleza kwamba hapo nyuma majambazi waliingia humo wakijifanya wateja, na kwamba waliogopa magaidi. Woga wao huenda ulikuwa wa kweli. Lakini tangu mwaka 2010 Katiba yetu, katika ibara ya 27, inakataza ubaguzi, nayo haiikatazi Serikali tu bali hata mtu binafsi. Kaunti ilipokwenda kuifunga hoteli ile, sababu iliyotajwa ni kukosa leseni. Twaona ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba karatasi ya leseni ilifanya kazi ambayo Katiba ingeifanya kwa heshima zaidi.

Na jambo la karibuni mno: mwezi wa Agosti 2025, wakati wa mashindano ya CHAN yaliyochezwa Kenya, Tanzania na Uganda, watu wengi walivunja utaratibu wa milango huko Kasarani, wakaingia bila tikiti. Wakubwa wa mpira wa Afrika wakapunguza tikiti za mchezo wetu na Zambia ziwe 27,000 tu, nao uwanja ukabaki na sehemu kubwa tupu. Kijana aliyeweka akiba ya kumchukua baba yake uwanjani alilipishwa deni la mtu aliyeruka ukuta. Hapa hatuwezi kuwalaumu sana walioamua, kwa kuwa hawakujua wakorofi ni akina nani, na kupunguza hesabu kunamgusa kila mtu sawasawa pasipo kuuliza kabila wala mtaa. Twadhani tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo tuliyoikosa sisi siku ya sikukuu. Bawabu wetu angesema, «Ukumbi umejaa, sitaingiza mtu mwingine yeyote,» hapana ambaye angekuwa na neno. Yeye alisema, «Hapana mtu wa mtaa wa pili.»

Sasa hapana budi tuandike jambo ambalo baadhi ya Wanachama hawatapenda kulisoma. Tulipokuwa tukiulizauliza tulipata yakini kwamba wawili katika wale vijana waliopita dirishani si wa mtaa wa pili kamwe. Ni wa hapa hapa Ziwani, tena ni watoto wa wanachama wa chama hiki. Majina yao hatutayachapa. Wazazi wamekwisha ambiwa kwa faragha, wakalipa viti. Mmoja wa wazazi hao ndiye aliyemtetea bawabu kwa sauti kuu kuliko wote, naye baada ya kusikia alikuja kwetu ofisini, akaketi kimya muda mrefu, kisha akaomba tumsaidie kuandika barua ya kumtaka radhi mama wa yule binti. Tuliiandika pamoja.

Vijana wenyewe walipoulizwa walisema hawakuwa na fedha ya kiingilio, wakaona haya kuomba. Hapo tukakumbuka kwamba jirani yetu, kituo cha Starehe, kilianzishwa mwaka 1959 na marehemu Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu katika mabanda mawili ya bati, kwa ajili ya wavulana walioachwa mitaani na taabu za Hali ya Hatari. Wavulana wale ndio waliokuwa wakiogopwa na kila bawabu wa Nairobi.

Kamati imekubali mambo yafuatayo kwa sikukuu ijayo. Tikiti zitauzwa kwa hesabu ya viti, wala haitauzwa hata moja zaidi. Milango miwili itakuwa wazi kwa ndani muda wote, na dirisha la nyuma litatiwa wavu. Mlangoni watasimama wazee wawili, mmoja wa Ziwani na mmoja wa mtaa wa pili, badala ya bawabu wa kuajiriwa. Atakayefanya fujo atatolewa yeye peke yake, na jina lake litaandikwa pamoja na kosa lake, ili akitaka kujitetea mbele ya Kamati aweze. Tikiti 20 zitatengwa bila malipo kwa watoto wasio na uwezo, nazo zitagawiwa na akina mama kimya kimya, zikiwa na rangi moja na zile za kununuliwa. Juu ya neno hili la mwisho Mweka Hazina alipinga, akataka izingatiwe kwamba amepinga, nasi tumeizingatia.

Wazee walio tayari kusimama mlangoni wanaombwa wampe Karani majina yao kabla ya mkutano ujao. Fedha ya yule binti imekwisha rudishwa, na mama yake amesema kwamba atamleta tena.