Usione vyaelea: kuunda na kurusha bawa lisilo na mkia Nairobi

Sisi tuliokulia Mji wa Kale, Mombasa, tulizijua pepo kwa tiara kabla ya kuzisoma darasani. Mtoto hujua mapema kwamba tiara iliyokosa mkia huzunguka kama iliyopagawa, kisha huangukia bati la jirani. Basi mpwa wangu, kijana wa miaka 16 anayekaa nami huku Nairobi, aliponiambia anataka kuunda ndege isiyo na mkia kabisa, nilicheka. Sicheki tena. Tumeshaunda tatu, na ya kwanza nusura itutie matatani. Kwa kuwa wazazi kadhaa wa Pwani wenye vijana huku bara wameniuliza habari zake, nayaweka hapa yote niliyojifunza.

Ni ndege gani hii?

Ni bawa tupu: haina kiwiliwili wala mkia. Wamarekani wanayo kubwa ya kivita, B-2, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1989. Yetu ni ya povu, haina injini, na huongozwa kwa rimoti. Huishi kwa upepo unaogonga mlima ukapanda juu.

Ndege ya kawaida hutulizwa na mkia ulio mbali nyuma. Bawa tupu hutulizwa na mambo mawili tu: ukingo wa nyuma ulioinuliwa kidogo, na uzito uliokaa mahali pake hasa. Baharia atanielewa: ni kama farumi ndani ya jahazi. Ikikaa vibaya, nahodha hodari hatakusaidia.

Vifaa

Ijumaa baada ya swala Msikiti wa Jamia, huteremka hadi Luthuli Avenue kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Uliza maduka matatu kabla ya kutoa pesa. Unahitaji rimoti ya masafa ya 2.4 GHz na kipokezi chake, sevo mbili ndogo (ndizo mota zinazosukuma visukani), na betri nne ndogo za kuchaji zenye jumla ya volti 4.8. Jaribu kila sevo hapohapo dukani. Mimi niliwahi kuuziwa moja iliyokuwa ikitetemeka, nami nikagundua nishafika nyumbani.

Povu hupatikana kwenye maduka ya vitabu: zile mbao nyepesi za povu zilizofunikwa karatasi, unene wa milimita 5. Tatu za ukubwa wa A1 zinatosha. Ongeza gundi ya moto, utepe mpana wa plastiki, ufito mkavu wa mwanzi na waya mgumu. Vijiti vya mishikaki navyo vina kazi yake.

Kuunda

Vipimo vyetu ni hivi: upana kutoka ncha hadi ncha sentimita 120, bawa lina kina cha sentimita 30 katikati na 20 kwenye ncha, na ukingo wa mbele wa ncha umerudi nyuma sentimita 25 kuliko pua. Kata nusu mbili, uziunganishe katikati kwa gundi na utepe, na ulaze ufito wa mwanzi kutoka upande hadi upande ili bawa lisivunjike. Bandika tabaka la pili la povu juu ya nusu ya mbele ya bawa. Ngazi inayobaki hapo katikati inatosha kulipa bawa umbo la kubebwa na hewa. Ukingo wa mbele uimarishe kwa vijiti vya mishikaki na utepe, maana ndio unaogonga mawe.

Ukingo wa nyuma kata visukani viwili, kimoja kila upande, kina cha sentimita 4 hivi, na uvitie bawaba ya utepe. Kadi ya zamani ya benki hukatwa ikawa vishikio vya waya. Kwenye ncha simamisha mapezi mawili ya povu, kama ya samaki, ili ndege isiende upogo.

Rimoti iwekwe kwenye mpango wa kuchanganya visukani. Ukivuta fimbo, vyote viwili vipande juu na pua iinuke. Ukisukuma kulia, cha kulia kipande na cha kushoto kishuke. Hakikisha hili kila unapotaka kurusha. Mwisho, fimbo ikiwa katikati, visukani vyote vikae juu kwa milimita 3 hivi.

Urari

Hapa ndipo wengi huanguka. Kwa vipimo nilivyotoa, uzito wote uwe na kitovu chake sentimita 15.5 nyuma ya pua. Tia alama chini ya bawa, kushoto na kulia, uibebe kwa ncha za vidole viwili. Ikae sawa, au pua iiname kidogo sana. Ikilalia nyuma, sogeza betri mbele, na isipotosha tia farumi puani: sarafu au risasi za ndoana. Kitovu kikifika sentimita 18, ndege hiyo hairushiki, hata urushe wewe au rubani wa Boeing.

Yetu ya kwanza hatukuipima. Tulikadiria kwa macho tukaenda kiwanja cha wazi karibu na Kawangware. Mpwa wangu akasema bismillah akarusha. Pua ilipanda, ikapinduka nyuma, ikaja chini kwa kasi hatua mbili kutoka kwa mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Yule mama hakututukana. Alituangalia tu, na mtazamo ule sijausahau.

Mahali na sheria

Usiku ule nilizisoma kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Usipite futi 400, yaani mita 120 hivi, juu kidogo kuliko jumba la KICC. Kaa mita 50 mbali na watu, magari na majengo. Kaa kilomita 10 mbali na viwanja vikubwa vya ndege, na 7 kwa vidogo. Mwenye ndege awe ametimiza miaka 18. Kuingiza kifaa nchini na kukisajili nako kuna utaratibu wake.

Sasa chukua ramani uweke kalamu juu ya Uwanja wa Wilson. Katikati ya jiji, Kilimani, Kileleshwa na Westlands zote zimo ndani ya kilomita 7. Lavington na Kawangware zimo ndani ya 10. Kumbe tulikuwa tumerusha mahali pasiporuhusiwa, kwa jina la mtoto asiyeruhusiwa. Usiseme "ni povu tu". Nenda KCAA na vipimo vyako, wakuelekeze kabla hujarusha.

Ngong

Mahali panapoifaa ndege hii ni Milima ya Ngong, magharibi zaidi. Safu ile imelala kaskazini hadi kusini, na upepo wa huku mara nyingi hutoka pande za mashariki, kwa hivyo huigonga safu na kupanda. Simama joshini, upande upepo unakotokea, ukiutazama mji wa Nairobi. Usiipeleke ndege demani, nyuma ya mgongo wa mlima kuelekea Bonde la Ufa: huko upepo huviringika chini na kuivunja. Jiepushe na mitambo ya umeme wa upepo. Lipa kiingilio cha Huduma ya Misitu, na mwende kwa kikundi.

Jua pia kwamba hewa ya huku ni nyepesi. Nairobi ina upungufu wa kama asilimia 15 kuliko Mombasa, na kileleni Ngong, zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, hupita asilimia 20. Bawa linahitaji mwendo zaidi ili libebwe, kwa hivyo lisizidi gramu 500, na usilipunguze kasi karibu na ardhi.

Mmoja ashike rimoti, mwingine arushe sawasawa kuelekea upepo, si juu. Kabla ya hapo tembea hatua 30 na rimoti uone kama visukani bado vinatii.

Bawa letu la tatu lilikaa hewani Ngong dakika kumi na moja bila injini. Mpwa wangu hakuirusha mpaka alipoipima urari mara mbili, kisha akageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu. "Mjomba, hakuna," akasema, ndipo akaiachia.