Madaftari Mawili ya Ugenini

Anayehama kwao huulizwa amevuna nini huko alikokwenda. Wahadhrami walioteremka mwambao wa Afrika Mashariki kwa pepo za kaskazi walikuwa na jibu la mali, wale waliojaliwa kuipata. Lakini jibu waliloliweka kwa uangalifu zaidi lilihusu mambo mengine mawili: nani amezaliwa na nani, na nani amesoma kwa nani. Waandishi wa historia ya biashara wameyataja haya kwa haraka, kana kwamba ni mapambo ya nyumba ambayo nguzo zake ni pembe, karafuu na mikoko. Naona wamekosea nguzo. Hesabu ya ukoo na hesabu ya dini ndizo zilizowawezesha watu hawa kuishi mbali na kwao kwa zaidi ya karne nne. Ila zilikuwa hesabu mbili, kila moja na daftari lake, na madaftari hayo hayakusomeka sawa. La ukoo lilifunga mlango. La dini liliufungua, na waliodumu pwani ni wale waliojua lini wasome lipi.

Bonde la Hadhramauti, ambalo leo limo ndani ya Yemen, lina miji ya Shibam, Seiyun na Tarim, na kusini yake bandari za Shihri na Mukalla. Mvua yake si ya kutegemewa, mafuriko yake huja ghafla, na kwa muda mrefu makabila yake yalipigana. Vijana walihama kwa sababu ardhi haikuwatosha: wakaenda India, Java, Singapuri, Hijazi, Komoro, Lamu, Mombasa na Unguja. Hata masharifu wa bonde hilo ni wazao wa mhamiaji. Wanajinasibisha na Ahmad bin Isa, mzawa wa Imam Husein, aliyetoka Basra katika karne ya 10 na ambaye historia inamtaja kwa lakabu ya al-Muhajir. Kwa watu wa asili hiyo, swali la nini kinabaki mkononi baada ya kuhama lilikuwa la zamani kuliko safari ya Lamu.

Daftari la ukoo ndilo linaloonekana kwanza. Masimulizi ya Pate yanaeleza kwamba watu wa kisiwa hicho, walipobanwa na Wareno, walimtaka msaada Sheikh Abubakar bin Salim wa Inat, Hadhramauti, aliyefariki mwaka 1584, naye akawatuma wanawe. Tukio likiwa ndivyo lilivyokuwa au limepambwa baadaye, matokeo yake hayana shaka. Wazao wa Abubakar bin Salim, na wa Jamal al-Layl pamoja nao, walikaa Pate, wakaenea Lamu na Komoro, wakaoa huko, na kila mtoto wa kiume akaandikwa jina lake chini ya la babake. Huko Tarim, mufti Abdulrahman al-Mashhur, aliyefariki mwaka 1902, alitunga kitabu kikubwa cha nasaba za masharifu wa Alawi, matawi ya ng'ambo yakiwemo. Mwaka 1928 jumuiya yao kule Batavia, Jakarta ya leo, iliunda Rabita ya Alawiyya, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kusajili nasaba. Kazi kama hii haifanywi na watu wanaojiliwaza tu. Nasaba iliyothibitishwa ilikuwa barua ya utambulisho: sharifu asiyejulikana na mtu yeyote Ngazija aliweza kushuka chomboni, akataja mababa zake saba, akapata wa kumpokea, wa kumdhamini, na baada ya muda wa kumwoza.

Mali haikuwa na uthabiti huo, na ushahidi wa wazi kabisa umeachwa na mmoja wao. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, wa ukoo huohuo wa Abubakar bin Salim, alitunga Al-Inkishafi huku akiitazama Pate iliyokuwa tajiri ikigeuka magofu. Shairi hilo limesomwa mara nyingi kama mawaidha kuhusu kifo, nayo ni kweli. Mimi nalisoma pia kama ukaguzi wa mahesabu. Mjukuu wa wahamiaji anakagua kila kilichopatikana ugenini, majumba, taa, watumishi, vyombo vya fahari, na kukuta kwamba safu yote ya mali imefutika. Aliyefanya ukaguzi huo, hata hivyo, bado anajua yeye ni nani, anasoma Kiarabu, anatunga kwa Kiswahili cha juu, na ana wasikilizaji wanaoelewa kila ishara ya Kurani anayoigusa. Safu nyingine mbili zilikuwa hazijafutika.

Daftari la dini liliwekwa vingine. Msomi aliandika ijaza zake: nani alimruhusu kufundisha kitabu gani, na huyo aliruhusiwa na nani, hadi kwa mtunzi mwenyewe. Watu wa kawaida waliliweka kwa sauti. Katika karne ya 17, Imam Abdalla bin Alawi al-Haddad wa Tarim, aliyekuwa kipofu tangu utotoni, alipanga nyiradi fupi ambazo pwani yetu inaziita Ratibu ya Haddadi. Mwishoni husomwa Fatiha kadhaa kwa roho za waliotajwa: al-Faqih al-Muqaddam, aliyefariki mwaka 1255 na ndiye mwasisi wa tarika ya Alawiyya, kisha mawalii wa mashariki na magharibi, kisha mwenye ratibu, kisha wazazi na Waislamu wote. Tuutazame mpangilio huo. Mtoto wa Lamu au Mombasa, ambaye babake anaweza kuwa Mbajuni, Mgiriama aliyesilimu au mtumwa aliyeachwa huru, anawataja watu waliozikwa Tarim kama wake, na katika orodha ileile anawaingiza baba yake na mama yake mwenyewe. Nasaba isingemruhusu kamwe. Ratibu haikumwuliza.

Tofauti hii inaonekana wazi katika maisha ya marafiki wawili waliofariki mwaka mmoja, 1925. Ahmad bin Abubakar bin Sumait alizaliwa Ngazija mwaka 1861, sharifu kwa baba, akawa kadhi wa Unguja, na safari zake zilimfikisha Hadhramauti, Misri na Istanbul. Abdalla Bakathir alizaliwa Lamu. Alikuwa Mhadhrami pia, lakini hakuwa sharifu. Jina lake linamweka kati ya zile koo zenye majina yanayoanza na Ba, ambazo katika ngazi za Hadhramauti zilikaa chini ya masharifu. Alikwenda kusoma Hadhramauti, akarudi, na chuo chake cha Ukutani, Unguja, kikawa mahali ambapo wanafunzi wa pwani nzima walipita. Daftari la ukoo lingewatenga watu hawa wawili daraja kwa daraja. Daftari la dini liliwaketisha jamvi moja, na wanafunzi wao wakataja majina yote mawili bila kushusha moja. Anne Bang, aliyeuandikia kitabu mtandao huu wa masharifu na wanazuoni wa bahari, ameonyesha jinsi barua, safari na ijaza zilivyokuwa zikienda na kurudi kati ya Unguja, Komoro na Hadhramauti. Ninaloongeza ni kwamba mtandao huo usingedumu kama ungekuwa wa damu peke yake.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa watu wa hesabu za kweli. Watasema Wahadhrami wengi wa pwani hawakuwa masharifu wala wanazuoni. Walikuwa Washihiri: wachukuzi wa bandarini, wauza maji, wauza kahawa na wenye maduka madogo, na walichokihesabu usiku ni senti. Hoja hii ina uzito, maana historia iliyoandikwa kutoka makaburini na misikitini huwasahau wabeba magunia. Hata hivyo fedha za wahamaji zilionyesha udhaifu wake zenyewe. Vita ya Pili ya Dunia ilipokata fedha zilizokuwa zikitumwa kutoka Java na Singapuri, Hadhramauti iliingia katika njaa kali ya mwaka 1943 na 1944. Bonde zima lilikuwa limeegemea bahasha ya mtu aliye mbali. Na mchukuzi wa Mombasa aliyekosa kazi hakwenda benki. Alikwenda kwa watu wa kabila lake na kwa watu wa msikiti wake. Senti zake aliziweka katika mikono ileile iliyokuwa ikiyashika madaftari mawili ninayoyazungumza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kuhesabu ukoo, wapinzani wanasema, ni kujiona bora tu kwa jina la shukrani. Ushahidi wao haukanushiki. Sheria ya kafaa, kama masharifu walivyoishika, ilimruhusu sharifu kuoa kwa wenyeji lakini ikamzuia binti yake asiolewe na asiyekuwa sharifu. Mwaka 1905 ndoa ya namna hiyo kule Singapuri ilizua mabishano ya fatwa yaliyofika hadi Misri, na mwaka 1914 Wahadhrami wa Batavia waliochoka na ubwana huo, pamoja na Ahmad Surkati aliyetoka Sudan, wakaanzisha jumuiya ya al-Irshad. Kule Java daftari la ukoo lilipasua jamii ya Wahadhrami katikati. Baraka iliyotakiwa kuwaunganisha ugenini iliwagombanisha kuliko walivyowahi kugombana na Waholanzi.

Kwa nini pwani yetu haikupasuka vivyo hivyo? Jibu langu liko Lamu, katika mtaa wa Langoni. Habib Saleh, wa ukoo wa Jamal al-Layl, alifika akitoka Komoro, akajulikana kwa utabibu na ualimu, na karibu na mwanzo wa karne ya 20 ukajengwa msikiti wa Riyadha. Aliowafundisha walikuwa pamoja na watumwa, waliokuwa watumwa, na watu wa kazi ambao wakubwa wa mji wa mawe hawakutaka kuketi nao. Abdul Hamid el-Zein, aliyeuandika mgogoro huo miaka ya 1970, anaonyesha kwamba waliochukizwa zaidi walikuwa wenye nasaba zao. Maulidi ya Habshi, yaliyotungwa na Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, yalisomwa Riyadha kwa matari, na walioyapiga matari hayo walikuwa watu ambao mila ilikuwa imewaweka nje ya mlango. Sharifu mwenyewe ndiye aliyesoma daftari la dini kwa sauti kubwa kuliko la ukoo. Hakulichoma la ukoo; hakuhitaji. Alilifunika kwa muda wa kutosha watu waingie.

Lipo pingamizi la tatu, la wanaislahi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, alipata elimu yake kwa wanazuoni wa mtandao huu huu wa Unguja. Baadaye, katika magazeti yake ya miaka ya 1930, aliwakaripia Waislamu wa pwani kwa kulala huku wengine wakisoma na kufanya kazi. Wanaislahi waliomfuata walikwenda mbali zaidi, wakayashutumu makaburi na mawalii wazi. Kuhusu uvivu nawaunga mkono: jina la babu halijengi skuli. Lakini Sheikh Al-Amin mwenyewe ni hoja dhidi ya anayetaka kuitupa hesabu yote. Aliupata uwezo wa kuukosoa mtandao kwa sababu ulimfundisha, na ulimfundisha Mmazrui, mtu wa asili ya Omani, bila kumdai nasaba ya Tarim.

Doa ninalolikubali bila kujitetea ni la wanawake. Nasaba zimeandikwa kwa majina ya kiume. Mama wa Kiswahili, aliyemfanya mtoto wa Kihadhrami kuwa mtu wa Pate au Mvita, hana mstari wake. Na bado lugha ambayo ratibu ilielezwa kwayo, mashairi yaliyotungwa kwayo, na jamaa waliompokea mgeni akawa mwenyeji, vyote vilipita kwake. Kwa hesabu ya haki, nusu ya neema iliyojazwa katika madaftari yote mawili ilikuwa yake, na ikaandikwa kwa jina la mumewe.

Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 yaliijaribu hoja hii kwa ukatili. Familia nyingi za asili ya Kiarabu ziliuawa au zilikimbia. Nyumba na mashamba yakachukuliwa. Wengi waliishia Ghuba, na kule nasaba ikawa tena barua ya utambulisho kama zamani, safari hii kwa kuombea uraia na kazi. Lakini masharifu wengi walipoondoka Unguja, ratibu haikuondoka nao. Iliendelea kusomwa na wasiokuwa na babu hata mmoja Hadhramauti. Lamu nako, kila Mfungo Sita, wageni hufika Riyadha kutoka Komoro, Tanzania na bara kwa maulidi na ziyara ya kaburi la Habib Saleh, na wengi wao hawana damu naye. Atakayetaka kunipinga kwa mara ya mwisho atasema kwamba uongozi wa Riyadha umebaki kwa wazao wa Habib Saleh hadi leo. Ni kweli, na sioni kwamba unavunja hoja. Ukoo umeshika ufunguo, na umeruhusiwa kuushika kwa masharti kwamba mlango ukae wazi. Siku utakapofungwa, wapiga matari wa Langoni wana vitabu vyao, wana walimu wao, na wanajua Fatiha ya mwisho inasomwa kwa ajili ya nani.